Kuifuata hukumu kutoka Arusha hadi Bogoria

Jumatatu, Arusha

Februari 2025, jua kali, vumbi la Barabara ya Dodoma linaingia hadi kwenye chai. Asubuhi nimechapisha nyaraka mbili ambazo nitatembea nazo wiki nzima: hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya tarehe 26 Mei 2017, na hukumu ya fidia ya tarehe 23 Juni 2022. Zote mbili zinawahusu Waogiek, watu wa msitu wa Mau nchini Kenya, na zote zilitolewa hapa Arusha. Kwa miaka mingi Mahakama hiyo imefanyia kazi ndani ya eneo la TANAPA. Watu waliofukuzwa msituni kwa jina la uhifadhi walikuja kudai haki yao kwenye uwanja wa shirika hilo la hifadhi za taifa la Tanzania.

Nimepita nje ya geti, nikasimama kidogo, kisha nikarudi mjini kusoma. Shauri lilianza na karatasi ya Oktoba 2009, pale Shirika la Huduma za Misitu la Kenya lilipowapa Waogiek na wakazi wengine wa Mau siku 30 wawe wameondoka. Malalamiko yakapelekwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Tume ikalifikisha shauri mahakamani mwaka 2012, na Machi 2013 Mahakama ikaamuru hali ibaki ilivyo hadi kesi iishe. Iliisha kwa ushindi mkubwa. Mahakama ilikubali kwamba Waogiek ni watu wa asili wa Mau, kwamba kuwafukuza kulivunja haki yao ya ardhi, ya dini, ya utamaduni na ya maendeleo, na kwamba kisingizio cha mazingira hakisimami, kwa kuwa msitu uliharibiwa na watu wengine waliohamia, na serikali yenyewe iliyoukata vipande ikawagawia watu na kutoa vibali vya kukata magogo.

Fungu hilo la mwisho nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ndilo linalonipeleka Kenya. Ikiwa mahakama ya bara zima imesema hivyo, mbona Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena?

Jumanne, Namanga hadi Nairobi

Basi dogo limeondoka alfajiri. Kushoto kwangu ameketi mzee wa Kimaasai anayekwenda Kajiado kumwona dada yake. Nimemwamkia shikamoo, akaitika, akaniuliza natoka kwa nani na naenda kwa nani. Nilipomweleza habari ya Waogiek alinyamaza mpaka tukapita Longido.

"Hao wameshinda wakafukuzwa," akasema. "Sisi huku bado tunaambiwa tusubiri."

Hakuhitaji kunieleza zaidi, maana anayeishi Arusha anaijua habari ya Ngorongoro na Loliondo. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti wakaahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao. Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa vigingi ziwe pori tengefu, kukawa na risasi, watu wakakimbilia ng'ambo ya mpaka Kenya. Wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, mwendo wa mamia ya kilomita kutoka kwenye makaburi ya wazee wao. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta vijiji vyao kwenye orodha, watu wakafunga barabara ya watalii, na Mahakama Kuu hapa Arusha ikalisimamisha tangazo lile. Desemba Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wao akaahidi tume mbili. Mzee wangu anazingoja tume hizo kwa subira ambayo mimi sina.

Mpakani tulipanga foleni kwa amani. Upande wa pili nilibadili fedha, nikapanda matatu, na jioni nikawa Nairobi. Sina la kusema kuhusu Nairobi zaidi ya kwamba nililala vizuri.

Jumatano, Narok

Barabara ya Mai Mahiu inashuka bonde la ufa kwa kasi ya kutia hofu, kisha inanyooka kupita Suswa, Duka Moja na Ntulele. Ng'ambo zote mbili ardhi ni kavu. Mbele kabisa, upande wa kulia, kuna ukanda wa buluu uliolala juu ya upeo: hiyo ndiyo Mau.

Narok ni mji wa ngano, ng'ombe na watalii waendao Mara. Nilikuwa na nusu siku ya kupoteza, nikaitumia kukaa na mwalimu mstaafu wa historia ambaye rafiki yangu alinielekeza kwake. Aliniambia mambo ya mwaka 1904, Wamaasai walipowekeana mkataba na Waingereza wakaliacha Bonde la Ufa, nusu yao wakaenda Laikipia "milele". Milele hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja mkataba mwingine, wakatolewa Laikipia wakaswagwa kuja huku kusini. Walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 mahakama ya kikoloni ilisema mkataba ule ulikuwa baina ya dola na dola, hivyo haiwezi kuusikiliza. Kwa maneno mengine, walitambuliwa kuwa taifa siku moja tu, siku ambayo kutambuliwa huko kuliwanyima kesi.

"Na Waogiek?" nikamwuliza.

Hao hata mkataba hawakupewa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Carter kati ya 1932 na 1934, ilipendekeza wawindaji na warina asali wa misituni wasambazwe ndani ya maeneo ya makabila makubwa, wasiwe na ardhi yao wenyewe. Mwalimu aliieleza habari hii bila kupandisha sauti, akigonga meza kwa kidole kila alipotaja mwaka. Kila serikali iliyokuja baadaye, anasema, ililikuta faili limeshaandikwa kwamba watu hawa si wa mahali popote.

Alhamisi, Sasimwani

Nimeondoka Narok na bodaboda kabla jua halijapanda. Dereva ni kijana mpole, alinifunga begi kwa mpira akaniambia nishike vizuri maana njia imechimbika. Tulipopanda, hewa ilibadilika, joto likaisha, mashamba ya ngano yakafuatwa na viunga vya miti mikubwa iliyosimama mmojammoja, kisha tukauona msitu wenyewe.

Hapa ndipo kulikobomolewa Novemba 2023. Askari wa misitu na wa wanyamapori, pamoja na polisi, walikuja wakabomoa na kuchoma nyumba za Waogiek. Watetezi wao walikadiria watu 700 waliachwa bila makao, na mvua za vuli zilikuwa zinanyesha.

Nilipokelewa na mama mmoja wa makamo, mjane, anayeishi sasa kwenye kibanda cha mabati pembezoni mwa shamba la mtu. Alinikaribisha chai ya maziwa kabla sijasema nimekuja kwa nini. Binti yangu, akaniita, kaa hapo pasipo na moshi. Akanionyesha kwa mkono upande wa msituni: pale palikuwa jikoni, pale palikuwa pa mbuzi, ule mti ndio mzinga wa marehemu. Mimi niliona nyasi na magugu tu. Yeye aliona boma zima.

Siku ile, alisema, walipewa dakika za kutoa vitu. Aliokoa godoro, sufuria mbili na sare za shule za wajukuu. Mahindi yaliyokuwa ghalani yaliungua. Shule ikawa mbali, watoto wawili wakakaa mwaka mzima nyumbani. Kitambulisho cha mwanawe kiliteketea, na bila kitambulisho hakupata kazi ya vibarua kwa sababu kila mahali wanakiuliza. Sikuwa nimefikiria jambo hilo. Nimezoea kusoma kwamba watu fulani "wamepoteza ardhi", kana kwamba ni kitu kimoja kinachotoka mkononi. Kumbe kinachoondoka ni mfululizo wa vitu vidogo, kila kimoja kikivuta kingine, na miezi kumi na tano baadaye bado vinaendelea kuondoka.

Nikamtolea hukumu yangu, kurasa zote. Nilikuwa nimezibana vizuri. Hakuzishika. Akamwita shemeji yake, mzee mwenye koti la manyoya lililochakaa, ambaye alizichukua, akavaa miwani, akazifunua moja kwa moja hadi mahali anapopajua.

"Hii tunayo," akasema. "Sisi kotini tulishinda, binti yangu. Tulishinda 2017, tukashinda tena 2022. Shilingi milioni hamsini na saba na laki nane na nusu, hizo za mali. Milioni mia moja, hizo za uchungu. Hatimiliki ya pamoja. Hayo yote yako hapa." Akafunga. "Ile siku walikuja na mashoka, mimi nilitoka na karatasi hii hii mkononi. Yule mkubwa wao alisema yeye hajatumwa na Arusha."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mchana kutwa. Mahakama ya Afrika haina polisi. Inaandika, inasoma, inapeleka nakala, na baada ya hapo inategemea serikali ileile iliyoshindwa iwaambie askari wake wabaki kambini. Hukumu ya 2022 iliipa Kenya mpaka mwaka mmoja kuunda mfuko wa maendeleo wa jamii na kuweka fedha hizo humo, na miaka miwili kupima ardhi na kuitolea hatimiliki. Muda wote huo ulikwisha Juni 2024, na mzee huyu bado anakaa nje ya uzio. Baada ya hukumu ya kwanza serikali iliunda kikosi kazi cha kuitekeleza. Kikaongezewa muda, kikapangwa upya, na ripoti yake Waogiek hawakuonyeshwa.

Kuna jambo moja kwenye hukumu ya fidia ambalo mzee alilitaja bila mimi kuuliza. Waogiek waliomba serikali iwaombe radhi hadharani na ijenge mnara wa kumbukumbu. Majaji walikataa, wakisema hukumu yenyewe inatosha kuwa kitulizo. Fedha anaelewa zinachelewa, alisema, lakini radhi haina bajeti.

Tulizunguka naye ukingo wa msitu bila kuingia ndani. Aliniinulia macho kwenye mizinga iliyobaki juu ya miti, magogo ya mutarakwa, yaani mwerezi, yaliyochongwa na kugawanywa, yakafungwa tena kwa gome. Mti wa mzinga haukatwi. Tena mti ulio jirani na ua linalopendwa na nyuki haukatwi, na bonde zima lina mwenyewe, ukoo fulani, tangu mto huu hadi ule, kila mtu akijua mwisho wa asali yake. Hiyo ndiyo ramani. Haikupata kuchorwa kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikuwa wakitembea juu yake kila siku.

Mwendo wa dakika ishirini kutoka pale nilionyeshwa visiki vipya, vyeupe, utomvu bado unatoka. Sikusema kitu, na mzee hakuongeza kitu.

Ijumaa, Mau Narok hadi Njoro

Barabara ya Narok kwenda Nakuru inapanda hadi baridi ya kuvaa sweta mbili. Mau Narok ni mashamba makubwa: ngano, shayiri, viazi, njegere, na matrekta yanayoonekana madogo kwa mbali. Karibu yote haya yalikuwa msitu au malisho ya watu fulani. Uzuri wake unaumiza.

Kwenye matatu nilisikiliza abiria wawili wakibishana kuhusu Mau. Mmoja, mkulima wa karoti, alisema waziwazi: wote watoke, Ogiek na wasio Ogiek, mito inakauka. Namwelewa. Mau ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya milimani katika Afrika Mashariki, kiasi cha hekta 400,000, na maji yake yanafika ziwa Victoria, Nakuru, Baringo, Turkana na Natron. Mto Mara unatoka huku, kwa hiyo nyumbu wa Serengeti wanakunywa maji ya Mau, na flamingo wa Natron upande wetu wa mpaka wanayategemea maji ya Ewaso Ng'iro. Kikosi kazi cha Waziri Mkuu kiliripoti mwaka 2009 kwamba katika miongo miwili kiasi cha hekta 107,000 za msitu zilikuwa zimepotea, robo nzima. Mtu anayeishi chini ya mlima ana haki ya kuogopa.

Ninachokataa ni kuwaweka wote kwenye kapu moja. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuumega msitu wa Mau Mashariki peke yake zaidi ya hekta 35,000. Hiyo ilikuwa kalamu ya waziri, haikuwa panga la mrina asali. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa kwa upendeleo wa kisiasa, na mara nyingi waliotajwa kuwa wanapewa makazi ni haohao Waogiek, huku vyeti vikiishia kwenye mifuko ya wakubwa. Wametumika kama mlango wa kuingilia msituni, halafu wakafukuzwa kwa kosa la walioingia nyuma yao.

Julai 2023 Rais William Ruto aliondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018. Septemba Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa viongozi wa Afrika kuhusu tabianchi, na masoko ya kaboni yakasifiwa jukwaani. Novemba Sasimwani ikachomwa. Sidai kwamba moja lilizaa jingine. Nasema tu kwamba watu wa Sasimwani wanayaona yote matatu kwa pamoja, na wanauliza: miti ikianza kuuzwa kwa hewa yake, nani atatusamehe sisi tunaolala chini yake? Swali hilo nililisikia kwa watu watatu tofauti kabla ya kufika Njoro. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 63, inataja kwa uwazi kuwa ardhi ya mababu na ardhi ambazo jamii za wawindaji na wakusanyaji zimeishi tangu jadi ni ardhi ya jamii. Lakini msitu uliotangazwa kwenye gazeti la serikali unahesabiwa kuwa wa umma, na kati ya maneno hayo mawili, jamii na umma, ndimo Waogiek wanamopondwa.

Jumamosi, Mariashoni

Upande wa mashariki wa Mau hali ni nyingine. Hapa Waogiek wengi hawakufukuzwa kwa moto, walizungukwa. Msitu uliwatoka kidogo kidogo: kwanza ikapandwa misonobari ya mbao, ambayo nyuki hawana la kufanya nayo, kisha wakaja walowezi wa mgao, kisha wauza mashamba na wanunua mashamba, mpaka kijiji cha warina asali kikajikuta kati ya mashamba ya mahindi na uzio.

Nililala kwa familia ya dada mmoja anayefundisha shule ya msingi. Jioni babu yake alikaa karibu na moto, mzee sana, na mimi nikakaa sakafuni kwa heshima. Alinisimulia wakati wa ujana wake, familia ilivyokuwa ikihama na maua. Nyanda za chini zikichanua wanashuka, mianzi ya juu ikipata yake wanapanda. Asali ya maua ya silibwet, nyeupe, ndiyo ya wageni na ya harusi. Bila asali hakukuwa na posa, hakukuwa na tambiko, wala hakukuwa na maongezi ya maana kati ya watu wazima. Mkwe aliyekuja mikono mitupu alirudi mikono mitupu.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Sasa wanaleta sukari," akasema, akatazama moto.

Mjukuu wake ana mizinga ya kisasa minane nyuma ya nyumba. Amejiunga na chama cha warinaji, wanachuja asali, wanaiweka kwenye chupa, wanaiuza Nakuru na Nairobi. Anaongea kwa ari na hesabu zake zimenyooka. Lakini aliniambia kitu ambacho kimenikaa. Watoto anaowafundisha wanajua bei ya asali, ila wengi hawajui majina ya miti inayotoa asali hiyo, maana miti hiyo haipo njiani kwenda shule. Lugha yenyewe inazungumzwa na wachache, Kipsigis na Kiswahili vimeifunika. Mimi ni mtu wa Kiswahili na ninakipenda mno, na usiku ule nilikaa na wazo kwamba lugha yangu nayo ni miongoni mwa vitu vilivyokuja na barabara, chifu na mgao wa mashamba. Dada yule ameanza daftari. Kila Jumamosi mchana watoto wanakuja, babu anataja mti, mmoja analeta jani, wote wanaandika. Leo walikuwa kumi na mmoja. Wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu tahajia.

Uhai wa watu hupimwa kwa mambo kama haya pia. Hukumu ya 2017 ililiona hilo, ndiyo sababu ilizungumzia dini na utamaduni pamoja na ardhi. Huwezi kumpa mrina asali ekari mbili na nusu barabarani ukasema umemfidia bonde.

Jumapili, Nakuru

Nimefua nguo, nimepiga simu nyumbani, nimelala mchana.

Jumatatu, Loboi, Ziwa Bogoria

Kutoka Nakuru hadi Marigat unashuka tena kwenye joto. Karibu na Marigat kando ya barabara ni mathenge tupu, ule mti wa miiba ulioletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa, ukaivamia nchi na kuwaharibu mbuzi meno. Wenyeji walimpeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Ninaipenda sana habari hiyo kwa sababu ya ukakamavu wa watu wake.

Nimekuja Bogoria kwa kuwa Waendorois, wafugaji wa huku, walishinda kesi yao kabla ya Waogiek. Walifukuzwa kando ya ziwa hili kuanzia 1973, serikali ilipolitangaza eneo kuwa hifadhi ya wanyama. Familia kama mia nne zilihamishwa. Mwaka 1986 familia 170 kati ya hizo zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Walipoteza nyasi za ukingoni na chumvi ya kulambisha ng'ombe, wakasukumwa kwenye nyanda kavu ambako mifugo ilikufa. Na wamelipoteza ziwa lenyewe, ambalo kwa imani yao roho za Waendorois wote waliokufa, popote walipozikwa, huishi ndani yake.

Tume ya Afrika iliwapa ushindi mwaka 2009, na Februari 2010 Umoja wa Afrika ukauidhinisha. Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa Tume hiyo kusema kwamba watu wa asili wa Afrika wanamiliki ardhi ya mababu zao hata bila hati ya serikali. Tena uliona kwamba haki yao ya maendeleo imevunjwa. Wanasheria duniani kote wanausoma. Mwaka uliofuata, 2011, Bogoria iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia bila ridhaa ya Waendorois kutafutwa kwanza.

Nilitembea ukingoni na wazee wawili na kijana mmoja wa baraza lao. Ziwa limepanda sana miaka hii, limemeza geti la zamani na sehemu ya barabara, na chemchemi nyingi za maji moto zinachemkia chini ya maji, unaona tu mapovu. Flamingo wamejaa upande wa pili, waridi mtupu. Kijana alinieleza habari ya mwaka 1992, watafiti walipochukua vijidudu kwenye maji haya ya moto, na kimeng'enya kilichopatikana kikaishia kupaushia suruali za jinzi na kutengenezea sabuni nje ya nchi. Faida ilibaki huko. Ndiyo sababu wametunga itifaki yao ya jamii, inayosema nani aombwe ruhusa, kwa utaratibu gani, na nini kirudi kijijini, mtu akitaka kuchukua mmea, kijidudu au maarifa ya mganga.

Tulipoketi kivulini, mzee mkubwa aliniomba nimsomee mapendekezo ya Tume moja baada ya jingine, naye akawa anajibu.

Kutambua umiliki na kurudisha ardhi ya mababu. "Bado."

Kuwaruhusu kufika ziwani kwa ibada na kulisha mifugo. "Tunaingia, lakini kwa hisani. Leo askari mzuri, kesho mwingine."

Kulipa fidia ya hasara yote. "Bado."

Kuwalipa mrabaha wa shughuli za kiuchumi na kuwapa ajira hifadhini. "Kidogo, kidogo sana."

Kusajili chama chao. "Hilo wamefanya."

Kukaa nao kwa mazungumzo. Hapo wote watatu walitikisa kichwa. Septemba 2014 Rais aliunda kikosi kazi cha kuutekeleza uamuzi huu, hakikuwa na Mwendorois hata mmoja, na muda wake ukaisha kikafa.

Nikawaeleza habari za Sasimwani na Mariashoni. Wanawajua Waogiek, wamekutana nao kwenye vikao, lakini hili la yule mama na kitambulisho kilichoungua lilikuwa jipya kwao. Kijana aliandika. Akaniuliza kama mwanawe ameshapata kingine, nikamwambia bado, akauliza ni ofisi ya tarafa gani, akaandika na hilo. Mzee mkubwa yeye alitaka kujua kama wale wa Mau wanaiandikia Arusha kila muda uliowekwa unapopita bila utekelezaji, au wananyamaza. Nilisema wana shirika lao Nakuru linalofuatilia. Akasema nyaraka za pande zote mbili zikae pamoja, ya 2009 na hizo mbili zangu, pamoja na orodha ya kila kilichofanyika na kisichofanyika, na ziende kwa pamoja Banjul kwenye Tume, Arusha kwenye Mahakama, na Nairobi kwa Mwanasheria Mkuu. Nakala zangu zimebaki kwake. Kijana atakwenda Nakuru Alhamisi kuonana na Waogiek, na mimi nimempa namba ya simu ya yule dada wa Mariashoni kwa idhini yake, kwa kuwa naye ameuliza kuhusu daftari la majina ya miti na jinsi wanavyoanza na watoto.